Chupa Hairudi Tupu

Mwana Arafa alinipa chupa ya kahawa
iliyobanduliwa karatasi,
nusu yake unga mwekundu kama matofali ya zamani,
mbegu za manjano zimeng'ang'ania kioo.
"Mwalimu," akasema, "nimechoka kunusa wali wako mkavu
ukinipandia dirishani."

Mna pilipili zilizolala juani siku nne darini kwake,
saumu iliyokauka hadi ikalia kama kokoto,
bizari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta,
embe mbichi, chumvi ya mawe.
Nikauliza: pilipili ngapi kwa chumvi ngapi?
Mimi ni mtu wa hesabu.
Akanitazama kama mtoto aliyeuliza
bahari ina vikombe vingapi.
"Kadiria," akasema, akafunga mlango.

Usiku ule nikaparuza nyanya mbili,
kijiko kimoja cha unga, maji ya ndimu,
nikangoja kama nilivyoagizwa:
unga mkavu una kiu, unyweshe kwanza ndipo uule.
Nikasahihisha madaftari matano.
Niliporudi, bakuli lilikuwa limevimba,
limepata wekundu mwingine.
Nikachovya mkate wa mofa.
Chozi likanitoka.
Nikachovya tena.

Basi ikawa mazoea.
Mayai ya asubuhi, kabla ya kengele.
Maharagwe ya juzi, yaliyokwisha kukata tamaa.
Muhogo wa kuchemsha. Kipande cha nguru,
nikikipaka unga ukiwa mkavu, kisha kikaangoni.
Na usiku mmoja umeme umekatika Langoni nzima,
nikidhani ni tangawizi, nikautia kwenye chai;
niliinywa yote, kwa ubishi tu.

Ijumaa ya tatu kijiko kikagonga kioo.

Chupa ya jirani hairudi tupu.
Hilo nililijua kabla ya kujua kujumlisha.
Nimrudishie sukari? Ataona nimemkwepa.
Biskuti za dukani? Afadhali nimtukane.
Nikanunua robo kilo ya pilipili kwa Famau,
nikazianika kwenye sinia juu ya paa,
nikawa nakimbia kuzigeuza saa ya mapumziko,
chaki bado mkononi.
Paka akaja, akanusa, akapiga chafya,
akaenda kunishtaki kwingine.

Kinu niliazima nyumba ya tatu ili asijue.
Mchi wa kwanza tu,
uchochoro mzima ukakohoa.
Akajua.

Aliipokea mlangoni, akafungua, akanusa,
akatia chembe ulimini,
akanyamaza muda wa kusahihisha daftari zima.
"Chumvi imezidi. Saumu haijakauka,
itavunda kabla ya mfungo.
Na pilipili umeziunguza, mwanangu.
Nani alikuambia moto mkali?"
Hakuna aliyeniambia. Nilikadiria.

Leo asubuhi chupa iko kizingitini kwangu,
imejaa hadi shingoni.
Unga ni wangu, nauona kwa weusi wake,
ila ameuongezea kitu.
Nimeonja mara nne, nikiwa nimesimama,
viatu havijafungwa, kengele inalia huko.
Sijui ni nini.
Sijui ni kiasi gani.