Tuta

Baba alituahidi treni.
Tukapanda bajaji ya Mchopa, sita kwa nauli ya wanne,
mama kapakata sufuria la wali wa nazi,
tukashuka bonde la Lukuledi
hadi penye tuta refu, lililonyooka kama amri.

"Hapa," akasema. Tukatazama.
Mikorosho. Mbuzi mmoja.
Miganda ya ufuta imesimamishwa juani.
"Treni iko wapi?" Somoe kauliza.
"Ilishapita."
"Saa ngapi?"
"Babu yenu akiwa kijana. Ilikuja kubeba karanga,
karanga zikakataa, reli ikang'olewa."

Somoe hakulia. Alichuma majani ya mkorosho
akatukatia tiketi: mama daraja la kwanza,
baba kusimama, kwa uongo wake.
Tukashikana viuno, tukalifuata tuta,
tukipiga honi kwa midomo iliyojaa wali,
mpaka uwanja wa shule. Jumapili. Kimya.

Kwenye mkwaju limening'inia pande la chuma,
urefu wa mkono wa mtu mzima,
ubavu wake unang'aa kwa kugongwa.
Baba akaligusa kama anayemwamsha mgonjwa.
"Ndiyo hii," akasema. "Iliyobaki."

Somoe akaokota jiwe.
Ngo! Ngo! Ngo!

Bonde zima likafungua milango,
watoto mbio, mmoja na shati mkononi,
na mwalimu, taulo shingoni, povu sikioni,
akifoka: "Nani kaita shule?"

"Siyo shule," Somoe kamjibu,
akamkabidhi jani.
"Panda."