Kamba ya Njano

Bwawa letu si kubwa.
Vitanda viwili vya sita kwa sita, ukivipanga bega kwa bega,
vingelijaza, ukabaki mto mmoja unaelea.
Lipo sitahani, nyuma ya jiko,
na ndilo lililochorwa kwenye tangazo la meli,
kubwa mara kumi.

Kila asubuhi kabla ya chai,
tungali gatini Mwanza, kamba za meli hazijalegezwa,
nachovya kikaratasi, nahesabu hadi kumi na tano,
nalinganisha rangi na zile za ubavuni mwa kopo.
Hiyo ndiyo kazi yangu. Anayecheka na acheke.

Wageni huniambia: ziwani hatuingii ng'o,
ziwani kuna kichocho, na huko Rubondo mamba.
Kweli tupu.
Kisha wanajitosa humu
na mafuta yao, na jasho la safari,
na nyayo zilizotoka kukanyaga soko la samaki Kirumba,
kwa kuwa vigae ni bluu na vinang'aa.
Kung'aa si kutakata.

Nasema: ogeni kwanza, bomba lile, sabuni ile.
Nasema: maji haya hayamezwi,
hata kucheka, chekeni mmeinua shingo.
Na tumbo lililoendesha juzi
likae kwenye kiti, litazame visiwa.
Husikia wawili, watatu.

Siku ya pili, Ukerewe imebaki nyuma,
Limi, mjukuu wa Bi Nyamizi, miaka minne,
maboya ya rangi ya chungwa mikononi,
akatulia ghafla majini, uso umemkaza
kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.
Nikajua.
Bibi yake naye akajua, akageukia upande wa Kome.

Nikapuliza filimbi. Wote nje.
Nikafunga kamba ya njano kutoka ngazi hadi nguzo.

"Kwa kitu kidogo hivyo?" akafoka mama mmoja wa Nyakato,
maji yanamchuruzika juu ya simu.
"Nimelipia siku tatu, si moja na nusu!"
Nahodha Kwilasa akashuka, akaninong'oneza:
nusu saa yatosha, kijana. Mwaga dawa, fungua.
Nikamjibu: kuna wadudu wanaooga dawa hiyo
wakatoka wananukia tu.
Maji yote yatatoka. Labda kesho mchana.
Akanitazama kama mtu anayetazama deni.

Sikumsimulia habari za Igombe,
mwaka ule wa mvua, dada yangu Kabula,
beseni la maji meupe kama ya kuoshea mchele,
na mama na chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko,
mpaka meno yakakikatalia kijiko.
Ni habari ndefu,
na watu walikuwa likizoni.

Usiku pampu ikanyonya yale maji hadi tangi la chini.
Nikabaki ndani ya shimo kavu, miguu peku, brashi mkononi,
dawa ikiniwasha macho.
Limi akaja, kajifunga kanga ya bibi, inaburura.
"Umenikasirikia?"
Hapana. Bwawa linaumwa, nalitibu.
Akafikiri.
"Litakunywa uji?"
Nikampeleka bombani, tukanawa mikono sote wawili,
mpaka kwenye vifundo, mpaka chini ya kucha,
yeye akinisimamia kuliko nilivyomsimamia.

Siku ya tatu tukaingia Mwanza saa tisa,
mawe yamekaa juu ya mawe kama kawaida yake.
Bwawa lilikuwa limejaa nusu, hakuna aliyelitaka tena.
Wakashuka na mizigo, na sato kwenye mifuko,
wakinung'unika.
Mama wa Nyakato akapita bila kuniaga,
anatafuna mahindi ya kuchoma, tumbo lake limetulia tuli.

Nani atashukuru kwa tumbo ambalo halikuuma?
Nilisimama tu pale ngazini nikihesabu:
thelathini na sita, thelathini na saba,
wote wima, wote wanatembea wenyewe,
na wa mwisho akibebwa mgongoni,
si kwa ugonjwa,
kwa usingizi.

Kisha nikaikunja kamba.
Ilikuwa bado mbichi, nikaianika.