Neno la Penseli

Hovsepi, leo wameing'oa sufi yako.
Imetoka darini kwa bomba nene kama shingo ya ng'ombe,
ikanguruma mpaka kwenye lori,
miaka thelathini na moja ya vumbi la rangi ya waridi,
ile ile uliyoitandaza kwa mikono mitupu,
ukajikuna wiki nzima, ukakataa kusema unawashwa.

Fundi ni Delfino, mtu wa Oaxaka, mfupi, mpole.
Hupanda ngazi saa kumi na moja alfajiri
maana ikifika saa nne huko juu hapakaliki.
Jana mchana kipimajoto chake kilisoma nyuzi sitini na tatu
chini ya vigae vyetu, juu ya vitanda vyetu.
"Mama," akasema, "mmekuwa mkilala chini ya tanuri."
Nikamwambia uliijenga wewe. Akanyamaza kwa adabu.

Ameshuka na vitu: kiota cha panya,
kiatu kimoja cha mtoto, sijui kilifikaje,
pakiti ya sigara ulizoapa umeziacha.
Nimecheka peke yangu jikoni.
Ahadi ni deni, Hovsepi, na dari ina daftari lake.

Kisha akaniita nipande. Nina miaka sabini na mbili;
nikapanda, naye akanishika kisigino
kama mtu aliyeshika yai.
Akaelekeza tochi upande wa magharibi,
juu ya chumba cha Nazeli.
Hapakuwa na kitu. Mbao tupu, na ubavuni mwa boriti,
kwa mwandiko wako unaolalia kushoto:
"Zilizobaki, kesho."

Miaka kumi na minane mtoto alilala pale
na shuka lililoloweshwa, feni imemkodolea macho,
nasi tukimwambia ni jua la magharibi,
tukimwambia, wewe umezidi kulalamika.
Akaenda kusoma kaskazini, kwenye ukungu.
Akabaki huko huko.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi,
upepo wa jangwani ulipoteremka mlimani,
nyumba ya akina Pruitt haikulambwa na ndimi za moto.
Moto wenyewe ulikuwa bado mitaa miwili nyuma.
Ni cheche tu, ndogo kama punje ya komamanga,
iliingia kwenye tundu la hewa, ikakaa darini, ikangoja.
Zimamoto walipofika, paa lilikuwa limefunguka kwa ndani.
Kikulacho hakikuwa nguoni; kilikuwa juu ya kichwa.

Kwa hiyo Delfino ameziba.
Kila tundu la hewa, wavu wa chuma usiopitisha punje ya dengu.
Kila ufa, kila njia ya waya, povu.
Halafu sufi ya mawe, isiyoshika moto,
mawe yaliyoyeyushwa yakasokotwa kuwa nyuzi.
Nilishika kipande: chepesi,
chepesi mno kwa kitu tulichokiogopa bei yake
kiangazi baada ya kiangazi.

Alipofika kwenye neno lako akasita.
"Niliache wazi, Mama?"
Nikataka kusema ndiyo.
"Pakiachwa wazi," akasema, akitazama pembeni,
"joto litapita hapo hapo."
Funika, nikamwambia. Ila kwanza nipe penseli.
Na chini ya mwandiko wako nikaandika:
"Leo. Dola elfu sita na mia nne."
Ujue.

Usiku huu nimelala chumbani kwa Nazeli.
Nje bado kunatoka harufu ya majani makavu,
king'ora kimepita mbali, kikapotea.
Kiyoyozi kilizimika saa tatu
kikasahau kuwaka.
Saa nane usiku nikashtuka, napapasa gizani,
sikujua natafuta nini mpaka nilipolipata:
shuka, la kujifunika.

Nikashika simu nimpigie mtoto.
Nikaona ni usiku mno.
Nikasema, kesho.