Kibandiko

Tabibu alilifunika la kulia kwa kijiko cheusi:
Famau akataja: kikombe, bata, nyumba.
Akalifunika la kushoto.
Famau akaigeukia sauti yangu.

Mwaka mzima nilimwita mzembe,
kwa chai aliyomwaga, kwa kizingiti chetu cha Langoni
kilichompasua kidevu mara mbili.
Nyanya yake alisema ni kijicho cha watu.
Kumbe ni jicho.

"Tutalifunga lililo zima," akasema tabibu.
Nikadhani nimesikia vibaya.
"La pili lipate kazi. Kila siku, toka adhuhuri hadi alasiri."

Siku ya kwanza alilia mpaka gundi ikalowa.
Ya tatu, kibandiko nilikikuta kwenye mlango wa friji;
ya tano, kichwani mwa paka.
Mimi nahesabu muda kwa kofia ninayoishona,
tundu kwa tundu, uzi mweupe juu ya mweupe.

Sikumbuki ilikuwa wiki ya ngapi.
Alikuja akaegemea goti langu,
zima limefungwa,
kidole kikatambaa juu ya kitambaa, kikasimama.

"Mama, hapa umeruka."

Nikaisogeza kofia dirishani.
Nilikuwa nimeruka.