Ulimi wa Mkanda

Dukani kwangu, kati ya muuza rejeta na muuza taa,
nauza kitu kidogo kama kitasa cha begi:
ulimi wa chuma usio na mkanda nyuma yake.
Unauchomeka kwenye kinywa cha kifungio,
gari linadhani umejifunga,
linanyamaza.
Elfu sita. Ukiwa na maneno matamu, tano.

Ni ulimi pekee niujuao
ambao ukiingia kinywani, kelele zinaisha.

Bwana Kyaruzi alikuja Jumanne na Harrier nyeusi.
"Ting, ting, ting, kutoka Kamata mpaka Tazara!
Kifua ni changu. Gari nimelilipia ushuru mwenyewe.
Nikikitoboa kioo kwa kichwa, ni kichwa cha nani?
Mtu hufungwa akiiba. Mimi nimeiba nini?"
Nikacheka. Nikampa ulimi wake.
Hapa Gerezani, mahali penye jina hilo,
ndipo watu hufuata uhuru wa elfu tano.
Nilikaa usiku nikitafuta kosa kwenye hesabu yake,
sikulipata.

Na mimi ni nani wa kumsahihisha?
Nikiiona sare nyeupe pale mbele ya taa
nauvuta mkanda begani, naushikilia kwa mkono
kama mtu anayeshikilia taulo akitoka bafuni.
Nikishapita nauachia,
unakimbilia shimoni kwake kama kenge.
Elfu thelathini ndiyo ninayoiogopa.
Kifo hakiandiki risiti.

Ukuta wa pili natundika mikanda yenyewe.
Mpwa wangu Abdulkheri huifungua kwa spana namba kumi na nne
kwenye magari yanayoletwa yamebebwa.
Yeye ndiye aliyenifundisha kuisoma.
Uliomshika mtu huwa umevutika,
umechubuka pale unapopita kwenye pete,
ukiukunja unalegea kama kamba ya mbuzi.
Huo hatuuzi, tunafungia mizigo.
Ila ule ambao haukumshika mtu
bado una mng'ao wa kiwandani.
"Mpya kabisa, kaka. Mwenyewe hakuwahi kuutumia."
Mteja anafurahi.
Arobaini, pamoja na bolti zake.

Lori linaloegeshwa hapo nje limeandikwa nyuma
AJALI HAINA KINGA.
Mimi napanga kinga zangu hatua tatu kutoka hapo,
bei maelewano.

Masika yalipokolea, Harrier nyeusi ilirudi
juu ya gari jingine.
Abdulkheri aliingia na spana, akakaa humo muda mrefu.
Alipotoka hakusema neno, alinionyesha tu:
mkanda wa dereva, unang'aa.
Mkanda wa abiria, umevutika, umechubuka, umefanya kazi yake yote.
Uliweza kumzuia mama asiruke.
Haukuweza kumzuia mumewe asimrukie.

Hapo nikaliona kosa.
Kifua kilikuwa chake, ndiyo,
mpaka kilipoondoka kwenye kiti.

Mama Kokushubira alikuja Alhamisi, mkono kwenye kombeo,
taya limeshonwa, maneno yanatoka upande mmoja.
Alitaka vitu vyake: miwani, tasbihi, bahasha ya ada ya shule.
Akainama ndani, akachomoa kitu pembeni ya kiti cha dereva,
akakiweka kiganjani.
"Hiki nini?"
"Spea," nikasema.
"Ya kufanyia nini?"
Muuza rejeta alizima redio.
Sikujibu, na yeye hakurudia.
Akaugeuza ule ulimi, juu, chini,
kama anayetafuta tarehe ya kuisha muda wake.
"Alinunua shilingi ngapi?"
"Elfu tano. Alikuwa na maneno matamu."

Akafungua pochi kwa mkono mmoja, kwa tabu,
akatoa noti ya elfu tano, akaiweka mezani,
akaondoka na ulimi.

Noti ile nimeibandika chini ya kioo cha meza.
Wateja wengi huuliza
kama ni feki.
Nawaambia hapana,
hiyo ni halali.