Komeo

Mara ya kwanza inaitika.
Mara ya pili, kimya.

Ndivyo ulivyoanza ugonjwa wa pampu ya Jadida, hapa Wete:
unaiambia simama, inasimama;
unaiwasha tena, unaiambia simama,
nayo inavuta maji kama haikuambiwa kitu,
tangi linafurika, vifaranga vya Mbarouk vinaogelea,
na Mbarouk ananipigia simu usiku
kuniuliza kama hiyo kompyuta yetu haina imani.

Ishara namba mbili. Simama, basi, hakuna zaidi.
Inafika kwenye kiini cha mfumo,
kiini kinaipeleka mlangoni pa programu,
programu inamwamsha mpokeaji,
mistari kumi na minne ya C
ndani ya maktaba aliyoiunga Shaame kwa mkono wake
kabla hajahamia Maskati.
Nimeisoma mpaka nimeihifadhi.
Nimepanda maneno ya kuchapisha kila baada ya mstari
kama mtu anayechomeka vijiti kufuata njia ya mchwa:
hapa nimefika,
hapa nimefika,
hapa

Na vijiti vyenyewe vikaleta balaa jipya,
kwani mpokeaji haji kwa miadi.
Hukukuta mkono ungali sandukuni,
naye akilitaka sanduku hilohilo
mtangojana mpaka Kiyama.
Pampu ikaganda. Nikaving'oa vyote.

Saa mbili usiku, hodi.
Shangazi Zuwena, na mbaazi zimefunikwa kawa.
Karibu. Nikakomea nyuma yake,
mbuzi wa jirani hawana adabu.
Hajakaa, simu: maji! maji yanaingia bandani!
Tukatoka mbio kwa mlango wa uani, mimi na yeye,
nikafunga koki kwa mikono miwili, matope hadi magotini.
Yeye akapitiliza kwake kuswali.
Mimi nikarudi kwa uani, nikakaa mbele ya skrini
na mistari yangu kumi na minne.

Hodi.

Sukuma, Shangazi!
Nasukuma, kumekomewa!
Nani kakomea?
Si wewe! Ungalitokea hapa ungalikomoa.

Mkono wangu ukabaki hewani.
Ngoja kidogo, nikasema. Ngoja hapohapo.

Aingiaye hukomea, atokaye hukomoa.
Hiyo ndiyo sheria ya mpokeaji:
akiingia, mlango hufungwa nyuma yake
asije wa pili kumkanyaga wa kwanza;
akitoka kwa heshima, komeo hufunguka lenyewe.
Lakini Shaame hakutoka kwa mlango.
Shaame aliruka. Ruko moja refu,
kutoka katikati ya kazi mpaka pale mwanzo
alipoacha alama ya kurudia.
Alama ilikumbuka kila kitu:
alisimama wapi, alishika nini, alikuwa akihesabu ngapi.
Komeo haikulikumbuka.

Hodi.

Nikaandika. Mstari mmoja wa kutunza hali ya komeo
pamoja na alama, mmoja wa kuirudisha
kabla miguu haijagusa chini.
Nikaiwasha. Simama: ikasimama.
Nikaiwasha tena. Simama.
Ikasimama.

Hodi, wenyewe!

Nikataka kujua jambo moja zaidi.
Nikafunga mlango makusudi, nikatuma simama tatu mfululizo,
kisha nikafungua.
Ikaingia moja.
Kiini hakihesabu hodi,
hukumbuka tu kwamba nje kuna mtu.

Nje kuna mtu.

Nikainuka, kiti kikaanguka. Nikakomoa.
Shangazi amesimama na kanga yake begani,
amebisha mara tatu, au nne, sijui,
na zote zilizozuiliwa, zote alizozimeza pale kizingitini,
zikaingia ndani kwa neno moja.
Akaitazama kawa ambayo haijafunuliwa.

"Umekula?"