Kuyu wa Simiyu

Funga ndoana kwa uzi wa cherehani
na unyoya wa shingo ya jogoo.
Wa mkia hulowa upesi, huzama kama sumni.

Haya kanifunza Nkwimba, chini ya daraja la Simiyu,
magamba kwenye kucha, simu kifuani,
hataki maswali.

Simama jua likiwa usoni, kivuli kibaki nyuma:
kuyu husoma kivuli
wewe hujasoma maji.
Tupa juu ya jiwe, mbali kidogo,
mkondo wenyewe ulete unyoya
kama mdudu aliyechoka kuruka.
Usivute. Hesabu hadi saba.
(Mimi huhesabu wanaonidai; wanatosha.)

Akigonga mara ya kwanza, anaonja.
Ya pili, inua mkono,
mkono tu, moyo uache ulipo.

Jana nikampata, tumbo limejaa mayai
na mvua za Novemba.
Nkwimba akaloanisha viganja kwanza,
akamgeuza uso kuelekea yatokako maji,
akangoja mkia ukumbuke kazi yake,
akamwachia.

“Na mboga je?”

“Dagaa wapo Magu. Elfu moja fungu.”

Nikapapasa mfukoni.
Manyoya.